Bibi wa Gazeti la Zamani

Mdomo wangu huniponza, na juzi uliniponza hewani. Natangaza kwenye redio ndogo hapa Garissa, na mgeni wangu alikuwa Mama Halima, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Iftin. Nilikuwa na kipande cha gazeti la ujana wake: "Bwana Abdi na Bibi Halima wafungua darasa la watu wazima." Kwetu siku hizi bibi ni mke. Basi nikajitia kujua, nikawapongeza kwa ndoa iliyodumu.

Mama Halima akajifunika uso kwa shungi, mabega yakitikisika. Nikadhani analia kwa furaha, nikazidi kuwasifu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "gazeti lilimwita kila mwanamke Bibi, kwa heshima tu. Abdi ni ndugu yangu, tumbo moja."

Simu ya wasikilizaji ikalia. Nikaipokea upesi, angalau nibadilishe mada.

"Salaam aleikum. Nabiga kutoka soko ya mbuzi," ikasema sauti ya mzee. "Mimi ndio bwana ya Halima, na hapa tunasikiliza watu mingi. Sasa hiyo gazeti yako, mimi imeniandika wapi?"