Ngazi ya Asajile

Foleni ya malori iliganda Mpemba, karibu kabisa na Tunduma, na abiria waliotarajia kuvuka mpaka siku hiyo wakaelekezwa gesti ya Mama Gwantwa, nyumba ya mabati ya bluu. Juu ya bati alikuwepo mtu mmoja, peku, akitembea kama anayepita mgongoni mwa ng'ombe aliyelala.

Usikanyage bati, kanyaga msumari. Ndivyo Asajile alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha wengine, maana penye msumari ndipo penye mbao. Miaka kumi na tisa hajatoboa paa la mtu. Kwanza hukwangua vumbi lililogandishwa na umande, kisha husugua kwa ufagio wa chelewa na maji ya sabuni, akifuata migongo ya bati. Mwisho husuuza, mfereji wa paa akiwa ameuziba kwa matambara ili uchafu usiingie kwenye simtanki, tangi la kukingia maji ya mvua. Ni kazi ya siku mbili.

Paa hilo ndilo pekee lililombakia. Mengine yote yalishahamia kwa Lusubilo, mwanafunzi wake wa zamani, aliyevuka kwenda Zambia akarudi na mashine ya presha, ya kuoshea kwa maji ya nguvu. Mkewe Asajile na watoto walishatangulia Kamsamba kwa kaka yake mke, kulima mpunga. Yeye alibaki akisema, "Paa la Mama Gwantwa likiendelea kunilisha, nitawarudisha."

Saa nne Lusubilo akafika na mashine yake juu ya guta la magurudumu matatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kusalimia na mashine?"

"Nimeitwa."

Mama Gwantwa alitoka, akamsemesha Asajile akiangalia mbingu, si mtu. "Baba Ruti, mawingu hayo unayaona. Wewe ni mpaka kesho. Huyu saa saba kashamaliza."

"Mashine itabandua rangi, mama. Mwakani utavuna kutu."

"Mwakani! Mimi nina wageni wanaotaka maji leo."

Lusubilo akajikuna shingo. "Mwalimu... ngazi yangu imevunjika."

Guta likacheka lote: dereva wake, wapakiaji, hata muuza mahindi wa kando ya njia. Lakini waosha mapaa wa Mpemba wana sheria moja, ngazi hainyimwi. Sheria hiyo aliitunga Asajile mwenyewe, mwaka ule waoshaji wawili walipogombea paa hadi mmoja akaanguka na kuvunjika nyonga. Asajile akashuka. Lusubilo alipopanda, mikono ya Asajile ilishika miguu ya ngazi bila kuulizwa.

"Kanyaga msumari."

"Nakumbuka. Njoo basi unishikie mpira wa maji, tugawane hela."

"Nikushikie mpira ubandue rangi niliyoitunza hapa miaka tisa? Hapana, mwanangu."

Mashine ikanguruma. Maji yakashuka ya bluu, magamba ya rangi yakielea, yakaingia mferejini, maana hakuna aliyekumbuka kuuziba. Asajile aliuona mfereji, akaokota ndoo yake. Mama Gwantwa aliona pia. Akaingia ndani.

Pikapu ya wanunuzi wa mpunga ilikuwa ikigeuza kuelekea Kamsamba. Asajile akatupa ndoo nyuma, akapanda.

"Mwalimu, ngazi yako!" Lusubilo alipaza sauti toka juu.

"Kaa nayo. Shemeji yangu ameezeka nyasi."

Pikapu ikapotelea vumbini. Abiria wakabaki barazani na vikombe vitupu. Foleni ilikuwa haijasogea hata tairi moja.