Anayekimbilia Penye Watu

Kitenge kipya kina harufu yake: ya wanga, ya rangi, na kwa mbali kama ya mafuta ya taa. Nikiinusa popote leo naiona Point, mtaa wetu wa Durban, ya mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na mmoja, mkasi wa Mama mkononi mwangu. Mama alikuwa akishona nguo chumbani kwetu, kwenye jengo la zamani karibu na bandari, na mabaki yaliyodondoka chini ya cherehani niliyakata yakawa vitambaa virefu vya kuchomeka kiunoni. Vilikuwa vya mchezo. Kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya majengo yetu, mahali ambapo maghorofa mapya ya vioo yalikuwa bado hayajafika, vijana wa Kikongo na wa Kitanzania walikuwa wameanza kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai. Hawakuangushana kama wale tuliowaona kwenye simu. Kila mchezaji alichomeka vitambaa viwili, mmoja akapewa mpira akimbie nao hadi mstari wa mwisho, na wapinzani wakimchomoa kitambaa kimoja tu, basi, amekamatwa. Kazi yangu ilikuwa kukata vitambaa na kuviokota. Kusema sikusema. Mimi ni mtu wa kuona haya tangu nizaliwe, na mtu asiyesema watu humsahau, wakasema yote mbele yake.

Mchezo ule aliuleta Ya Trésor. Wakongo wakimwita mtu "Ya" wana maana ya kaka mkubwa, na yeye alikuwa kaka mkubwa wa jengo zima: alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale mlangoni, filimbi shingoni, na maneno yasiyokwisha. Msimu ule alikuwa akitafuta mkimbiaji mmoja, yule anayesimama nyuma ya wenzake akapewa mpira apasue nao njia, kwa ajili ya mechi yetu na vijana wa Bluff, ng'ambo ya bandari. Waliobaki walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Dido, mtoto wa Mama Dido msusi, na mwingine kaka yangu Shabani, aliyekuwa na miaka kumi na minne.

Dido alikimbia vizuri hata ungependa kumchora. Kifua mbele, magoti juu, mikono ikikata hewa, na akipata uwazi hakuna aliyemgusa. Shabani alikimbia vibaya. Alikwenda ubavu-ubavu, bega moja limetangulia, mpira ameukumbatia tumboni kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeficha mkate. Hatua zake zilikuwa fupi, na kila baada ya hatua chache aligeuka kuangalia nyuma. La ajabu zaidi, alipopewa mpira hakutafuta uwazi kama Dido. Alikimbilia pale walipojaa watu. Akiingia katikati yao alipunguza mwendo, tena wakati mwingine alitembea kabisa, shingo imelegea, kama mtu aliyetumwa chumvi na hana habari na mchezo wenu. Na wale wa kumkamata, sijui kwa nini, walizubaa kidogo. Wakizinduka, Shabani yuko mstarini.

Ubishi ulianza hapo. Jumamosi mchana Mama Dido alileta kiti chake hadi kando ya kiwanja na wateja wakamfuata, akawa anasuka huku anatazama.

"Dido ndiye iko na mbio," alisema. "Ule Shabani anakimbia kama mtu anatafuta choo."

"Lakini anafika," akajibu Kaka Idi, Mtanzania mwenzetu aliyeendesha lori la makontena.

"Anafika namna gani? Hiyo ndiyo mi nauliza. Namna gani?"

"Mama Dido, mbio siyo kasi peke yake. Mbio ni kutokamatwa."

"Hapana, quoi. Kutokamatwa ni kazi ya wezi."

Watu wakacheka, na hata aliyekuwa akisukwa alicheka mpaka akavutwa nywele. Kumaliza maneno, wakawashindanisha kwenye lami, kutoka getini hadi kwenye robot ya kona, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Dido alifika, akageuka, akashika kiuno kumsubiri Shabani. Mngedhani ubishi ungeishia hapo, lakini ndipo ulipokuwa mchungu, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na swali moja: asiye na mbio barabarani anazipata wapi uwanjani?

Kwanza walinishuku mimi. "Mama, kuya hapa," Mama Dido aliniita kwa sauti tamu, jinsi Wakongo wanavyomwita mama hata mtoto wa kike mdogo. "Hii vitambaa ya kaka yako, unaikata sawasawa na ya wengine? Haina fundo?" Nilitikisa kichwa, nikalia bila sauti, na walivikagua vitambaa vya Shabani kimoja baada ya kingine kama wanakagua noti bandia. Havikuwa na fundo. Ndipo Ya Trésor akapuliza filimbi bila sababu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani, "Mi ninyamaze tu. Lakini mtoto hana mbio na anapita watu saba. Ule iko na kitu kwa mwili." Hakutamka neno hirizi. Hakuhitaji. Kufika jioni jengo zima lilikuwa linajua kwamba mtoto wa Kigoma amefungwa dawa kiunoni, na wengine walijua hadi jina la mganga. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja njiani.

Mimi sikuamini habari ya dawa, kwani nililala chumba kimoja na Shabani na niliujua mwili wake kwa kila kovu. Lakini nilianza kumshuku kwa jambo langu mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi aliaga anakwenda shuleni kwenye masomo ya ziada ya hesabu, na hesabu zake zilizidi kuharibika.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Jumamosi moja asubuhi Mama alinichukua mjini kununua vitambaa, tukasimama kwenye robot karibu na soko tukisubiri igeuke kijani. Ng'ambo, wauzaji walikuwa wametandaza shuka kando ya barabara, kila shuka imejaa mikanda, soksi, makava ya simu. Mara mtu akapiga mluzi. Askari wa jiji walikuwa wanakuja. Wale wauzaji, bila hata kutazamana, wakashika pembe nne za shuka, wakavuta, kila duka likawa furushi, na wote wakatawanyika. Kijana mmoja hakukimbilia uchochoroni kama wenzake. Alilikumbatia furushi tumboni, akatanguliza bega, hatua fupi, akageuka kuangalia nyuma, akaingia kwenye foleni ya watu wanaosubiri taksi. Humo ndani akaacha kukimbia. Akasimama, shingo imelegea, kama abiria yeyote. Askari wakampita Shabani.

Nilimtazama Mama. "Haya, imegeuka, vuka," alisema, akanivuta mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mpaka leo sijui kama naye aliona.

Ni lazima niseme kwa nini niliogopa. Baba alifanya kazi bandarini, na nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sheria moja aliirudia mara nyingi mpaka tukaikariri: "Barabara ya mji huu haina mama. Nikimkuta mtoto wangu barabarani na bidhaa, anapanda basi kurudi kwa bibi yake Kigoma." Hakutishia ovyo. Kitu akikisema mara moja, kilikuwa kimekwisha. Kwa hiyo kila Jumamosi Shabani alipopewa mpira, mimi niliona furushi, nikaomba Mungu mwingine asilione. Watu walibishana kuhusu mbio zake, nami nilikuwa nimeketi na vitambaa mapajani nikijua kwamba wakibishana vizuri kidogo tu, watampoteza kaka yangu.

Nikaanza kumwangalia Ya Trésor pia. Kwenye kibanda chake yalikuwepo maboksi ya makava ya simu, mengi kuliko simu alizotengeneza, na Jumatatu maboksi yalikuwa yamepungua. Nikakumbuka ni nani aliyeanzisha habari ya kitu mwilini. Mtu akiitafuta hirizi hawezi kutafuta furushi. Siku moja nilimkazia macho muda mrefu kuliko kawaida yangu, naye akanipa pipi, akasema, "We unanyamaza sana, petite. Ni muzuri." Sikuila ile pipi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa ndiye mkata nguo.

Ila Ya Trésor alikosea jambo moja: aliwasahau Waislamu. Kwake yeye habari ya dawa ilikuwa kichekesho cha mpira. Kwa Baba, mwanawe kuvaa hirizi ilikuwa aibu ya kufikishwa msikitini. Kaka Idi alimdokeza bandarini, na siku ya mechi na vijana wa Bluff, Baba, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanja kile, alikuja na kanzu yake akasimama nyuma ya kiti cha Mama Dido.

"Baba Shabani, karibu," Mama Dido alisema. "Leo utaona na macho yako."

"Ndilo lililonileta."

Shabani alimwona. Nilijua alimwona kwa sababu mara ya kwanza alipopewa mpira alikimbia kama Dido: kifua mbele, mikono ikikata hewa, moja kwa moja kwenye uwazi. Wa Bluff walimchomoa kitambaa kabla hajavuta pumzi. Mara ya pili hivyo hivyo. "Dawa imeisha chaji," mtu akasema, na kicheko kikaenda uwanja mzima. Baba hakucheka. Aliniinamia akaniuliza polepole, "Siku zote anakimbia hivi?"

Nilitazama vidole vyangu. Nikisema ndiyo, nimemdanganya Baba. Nikisema hapana, nimemuuza Shabani. Basi sikusema kitu, na naamini Baba alisoma ule ukimya kama mtu anavyosoma bango.

Tulikuwa tumefungana na muda unakwisha. Ya Trésor alipaza sauti, "Shabani, wee, kimbia yako. Yako." Na kaka yangu, sijui ni hasira za kuchekwa au ni mwili tu uliochoka kudanganya, akapokea mpira akauficha tumboni. Bega likatangulia. Akageuka nyuma. Akaingia katikati ya vijana wa Bluff, akatembea, Wallahi alitembea, shingo imelegea, wakampisha kama mpita njia, akatokea upande wa pili. Kiwanja kikalipuka. Mama Dido mwenyewe aliangusha kitana. Nilipomtazama Baba alikuwa ameketi chini mchangani, na kanzu yake nyeupe.

Alinyanyuka, akatutangulia mimi na Shabani hadi ngazini. Hapo alimpapasa Shabani kiunoni, kwa heshima ya lile lililomleta, akakuta ngozi tupu.

"Unauza nini?" akauliza.

Shabani alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa: siyo mimi.

"Makava ya simu, Baba."

"Mimi nilikuwa nauza mikanda," Baba alisema. "Kabla ya kupata kazi bandarini, kabla hujazaliwa. Usikimbilie uwazi, mwenye uwazi ni askari. Kimbilia watu, ukifika tembea. Nilidhani mimi ndiye nitakuwa wa mwisho kuyajua hayo." Akapanda ngazi mbili, akasimama. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu."

Mama alilia, Kaka Idi aliletwa kumwombea msamaha, hata Mama Dido alikuja na ndoo ya pondu, kisamvu cha Kikongo. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu. Basi liliondoka kabla mwezi haujaisha. Ya Trésor alimpa Shabani simu ya bure ya safari, na Baba hakumuuliza kwa nini amekuwa mkarimu hivyo. Nadhani aliona akiuliza atalazimika kufanya jambo.

Sasa nina miaka kumi na saba. Kiwanja kimezungushiwa uzio na ghorofa inapanda juu yake. Dido anacheza raga katika klabu ya watu wenye uwezo, kwa mbio zile zile nzuri, na Mama Dido bado anabisha kwamba mwanawe alionewa. Jengoni wanaoikumbuka mechi ile husema ilikuwa dawa, nami siwasahihishi. Nimebaki na tabia ya kutilia shaka miguu ya watu. Mtu akinipita mjini kwa haraka natazama kwanza mabega, kisha natazama nyuma yake.

Shabani anaishi kwa Bibi. Ni mrefu sasa, ana biashara ya halali ya dagaa, na Jumapili anacheza soka, winga wa kulia. Juzi alitutumia video. Kiwanja cha kwao ni kipana, pembeni kote ni wazi, beki amebaki mbali kabisa, na wenzake wanamwita abaki huko huko pembeni. Yeye anakata ndani na mpira, bega mbele, anakwenda pale walipojaa. Anaandika kwamba huko wanamshuku ametoka na dawa ya Durban.

Nilidhani Baba ataitazama mara moja aweke simu chini. Aliitazama, akairudisha mwanzo, akaitazama tena akiwa ameisogeza karibu na macho. Mama aliacha cherehani.

"Huko kwao hakuna askari," Baba alisema, bila kumwambia yeyote kati yetu. "Anamkimbia nani?"