Mageti Sita ya Ojara

Mwaka 1976, wakati wa utawala wa kijeshi, Hippolyte Ojara alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, kibanda cha kutengeneza redio katika mtaa wa Kisenyi, na daftari aliloliandika kila siku. Jumatatu moja Sajenti Wahabi alikuja kuchukua redio yake. Akisubiri itiwe betri, alilifungua daftari mezani, akasoma ukurasa mmoja polepole, mara mbili.

"Mzee, hapa umeandika geti ya tatu inafunguka kwa mguso kidogo. Jaribio Jumatano. Hii ni geti ya kambi gani?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakakumbuka shughuli zao, wakaondoka.

Ojara aliweka bisibisi chini. Alijua watu waliotiwa na askari kwenye buti ya gari, wasionekane tena, kwa maneno machache kuliko hayo. Alisema mageti yako pale pale mezani, yote sita, akamwonyesha kijidude cheusi cha umeme chenye miguu kumi na minne ya chuma, kifupi kama pingili ya kidole; mageti yote yalikuwa ndani yake.

Sajenti alikitazama. "Watu wanapitia wapi?"

Ojara alieleza kwamba kinachopita ni umeme. Kila geti kazi yake ni kukataa: likiambiwa ndiyo hujibu hapana, likiambiwa hapana hujibu ndiyo. Yeye alikuwa amelirudishia geti jibu lake lenyewe kupitia rezista kubwa, kile kijiti cha kupunguza umeme, basi likashindwa kuamua, likabaki katikati. Likiwa katika hali hiyo, hata sauti hafifu hulisukuma, nalo huitoa ikiwa kubwa.

"Inakataa amri ya nani?"

"Ya betri, afande."

Hilo halikusaidia. Nje, dereva wa sajenti alikuwa ameshawasha gari. Ojara akaomba saa ya mkononi ya sajenti, akailaza juu ya kisikizi cha simu kuukuu, akaunganisha nyaya mbili kwenye kijidude. Spika ikaanza kugonga tik, tik, kama mtu anayepigilia misumari. Dereva akachungulia.

Sajenti alisikiliza dakika nzima. Akasema ameelewa, lakini ameshauliza mbele ya raia, kwa hiyo lazima aandike ripoti. Aliandika: mageti sita, Kisenyi, hayana mlinzi.

Jumatano asubuhi askari mwenye bunduki alikuwa amesimama mbele ya kibanda. Alikuwa ameagizwa asimruhusu mtu yeyote kupita getini bila kibali, na kwa kuwa hakuonyeshwa geti lenyewe liko wapi, alimzuia Ojara asiingie kibandani mwake.