Bastola Aliyopewa Kija

Felisiani alistaafu jeshini akiwa na mgongo mbovu na mikono mizuri. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ametengeneza silaha za watu wengine, na aliporudi Mpanda alidhani ameachana nazo. Mwaka haukuisha. Kampuni moja ya ulinzi iliyopanga nyumba pale Makanyagio ikamtafuta, ikampa chumba cha nyuma chenye dirisha la nondo na leseni ya ufundi yenye jina lake, awatunzie walinzi bunduki zao. Mkewe, Scolastica, alishukuru. Mwanamume anayeshinda ndani na mgongo unaomuuma ni mtihani.

Mwenye kampuni aliitwa Zefania. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kukushika bega. Siku moja aliingia na boksi lenye bastola nne, akaliweka mezani kama baba aliyeleta nyama nyumbani.

"Wanunuzi wa mpunga wanataka mlinzi wa kukaa nao ndani ya gari," alisema. "Bunduki ndefu inawasumbua. Hizi nimezipata rahisi, mzee wangu. Zitazame."

Felisiani alizifungua zote asubuhi ile. Zilikuwa za chuma chepesi, kazi ya haraka haraka. Tatu zingefaa. Ya nne ilikuwa imechoka, na kile kitasa kidogo cha usalama, kinachozuia risasi isitoke kwa bahati mbaya, kilikuwa kimelika hadi kinacheza kama jino la mtoto. Kilichoifanya isifyatuke ovyo ni kimoja tu: traiga yake, kile kifyatulio cha kidole, ilikuwa ngumu mno. Aliandika barua kuomba kitasa kipya. Zefania akamjibu kwamba kimeshaagizwa Dar es Salaam.

Hiyo ya nne ndiyo aliyopewa Kija.

Kija alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mwamkulu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Alikuwa amepitia mgambo, anajua gwaride, anajua kusimama lindoni kwa saa kumi na mbili bila kuegemea ukuta. Bastola hakuwahi kuishika. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha alipiga risasi kumi, na ubao ukabaki mzima kama ulivyotoka kwa seremala.

"Shikamoo, baba," alimwambia Felisiani aliporudisha silaha. "Nadhani mimi si mtu wa kazi hii."

"Marahaba. Hebu nionyeshe mkono wako."

Akautazama. Ulikuwa mkono mdogo, wenye nguvu za jembe, lakini vidole vifupi. Mpini wa bastola ulikuwa mpana na unateleza, na ile nundu ya mbele ya mtutu ya kulengea ilikuwa nyeusi tii, haionekani juani. Felisiani alipata kazi aliyoipenda. Aliupunguza mpini kwa tupa, akauvalisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli ili usiteleze. Aliiba rangi nyeupe ya kucha ya Scolastica, akaigusisha tone moja kwenye ile nundu. Akabadilisha springi ya magazini iliyolegea, akasugua kwa msasa laini mahali risasi zilipokuwa zinakwama. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari la matengenezo na kutia sahihi.

Wiki iliyofuata Kija alipiga ubao mara sita kati ya kumi, zote chini ya katikati.

"Sasa inaanza kunisikia, baba," alisema, na kwa mara ya kwanza Felisiani akamwona akicheka.

Zile risasi za chini zilikuwa kosa la traiga. Kija alikuwa anaivuta kwa nguvu za bega zima, mtutu unainama. Felisiani akampa kitambaa kilicholowa, akamwambia akikamue kwa kidole kimoja kila jioni. Dawa ilikuwa hiyo, ila ilitaka miezi miwili. Mtihani wa shabaha mbele ya polisi, wa kumpa kibali cha kubeba bastola, ulikuwa umebakiza siku nane.

Zefania akaja chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Ilainishe hiyo traiga."

"Bosi, ugumu huo ndio usalama wake. Kitasa kimelika, nilikuandikia. Nikiilainisha, itafyatuka hata kwa kuguswa na kamba."

"Kwa siku moja ya mtihani tu. Baadaye utairudisha." Akamshika bega. "Au nimwondoe yule binti nimtafute mwanamume mwenye vidole? Sema wewe. Na hilo la traiga usiliandike kwenye daftari. Tusiwachanganye watu."

Felisiani alikuwa anajua jibu la fundi. Aliwahi kumkatalia meja mzima kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini alimkumbuka Kija akicheka, akajiambia kwamba anamsaidia mtoto wa watu. Akaifanya kazi hiyo mchana kweupe, kwa saa moja, na ilikuwa kazi safi.

Kija alifaulu. Risasi tisa kati ya kumi. Felisiani alipoiomba bastola airudishe ilivyokuwa, Zefania alisema wanunuzi wanasubiri, mpunga umeshaanza kuvunwa, silaha haiwezi kulala mezani. Felisiani akamgeukia Kija mwenyewe.

"Iache hivi hivi, baba," Kija akamsihi. "Ukiigusa tena nitaanza upya. Sasa nimeizoea."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Felisiani alikohoa, akamwambia aifunge vizuri kwenye mfuko wake, akaenda zake.

Siku ya kumi na tisa baada ya mtihani, kwenye mashine ya kukobolea mpunga huko huko Mwamkulu, Kija alipanda kwenye pikapu ya mnunuzi. Mkanda wa kiti ulikuwa umechanika, na uzi wake ukaingia kwenye mfuko wa bastola na kunasa traiga. Alipokaa, ikafyatuka. Risasi ilipita pajani na kuvunja mfupa juu ya goti. Dereva alidhani tairi limepasuka.

Wapelelezi walipofika ofisini, Zefania alitoa daftari. Mpira, rangi, springi, mpini, vyote kwa mwandiko na sahihi ya Felisiani. Kuhusu traiga hapakuwa na neno, na barua ya kuomba kitasa haikuonekana kwenye faili lolote.

"Fundi aliamua mwenyewe," Zefania alisema kwa masikitiko. "Ni mzee mzuri, lakini aliamua mwenyewe."

Felisiani alieleza yote, na kosa lake mwenyewe pia. Waliandika. Leseni ikachukuliwa. Kija akaachishwa kazi kwa uzembe katika kutunza silaha.

Felisiani alimfuata hospitali siku ya ishirini tangu ajali. Baba yake Kija, Mwandu, alikuwa amekaa kando ya kitanda, akampisha kiti. Kija ndiye aliyeanza.

"Wananiambia ulinifundisha vibaya, baba. Nimewakatalia. Nimesema ni wewe peke yako uliyenijali pale."

Felisiani akamweleza. Kitasa, traiga, daftari. Hakuacha kitu. Mwandu alikuwa anatazama mikono ya mgeni.

Kija alijiinua kwa kiwiko.

"Ulijua siku ile nilipokuambia uiache?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu. Labda ningekataa kazi, labda ningeibeba kwa hofu. Ningechagua mimi." Akageuzia uso ukutani. "Baba, mwambie aende."

Mwandu alisimama, akamfungulia mlango kwa heshima anayopewa mgeni yeyote.

Kampuni ilipata fundi mwingine kabla mvua hazijaanza, na magari yake bado yanasindikiza mpunga. Mguu wa Kija uliunga vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Anauza maharage sokoni siku hizi, kwenye meza ya dada yake, kwa kuwa kusimama hawezi. Felisiani hupita pale akitumwa na Scolastica. Angeweza kuzunguka njia ya pili, hazunguki.

"Shikamoo," Kija humwamkia, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba," hujibu yeye.

Neno baba alishaliacha. Humpimia mteja aliye mbele yake, na Felisiani huendelea na njia.