Homa Ipelekwe Ingali Moto

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka: siku niliyopandishwa kwenye mkokoteni wa punda nikitetemeka, mpaka punda naye akaanza kutetemeka.

Nilikuwa nimechumbia Ikungi, kwa mzee mmoja mwenye shamba la alizeti ambalo ukianza kulizunguka ukiwa kijana, unamaliza una mvi. Kwa mzee yule maneno matamu hayakutosha. Sharti kwanza uvune, wakwe wakuone mgongo. Nikapewa chumba cha wageni kwenye nyumba ya tembe ya zamani, udongo kuanzia sakafu hadi paa, na ngozi ya ng'ombe ya kulalia chini.

Haukupita muda homa ikanishika. Kichwa kiligonga kama treni inayoingia Itigi, viungo vikauma, nikatapika, nikasikia baridi juani. Baada ya siku chache ikaisha yenyewe. Nikala ugali wa watu wanne, nikaenda zahanati nikichekacheka, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikatangaza kwamba nimepona. Kazi ilipopamba moto, homa ikarudi. Ikaondoka tena siku ya kuchinja kuku, nikapimwa tena, hola.

Mzee akanijia juu. "Kijana, homa gani hii inayojua siku ya kazi? Kuku akiiva, inaaga!"

"Shikamoo, baba. Kweli naumwa."

"Shikamoo haivuni alizeti. Ikikushika tena, funga mzigo wako. Binti yangu haolewi na mgonjwa wa kuchagua."

Ikanishika tena, asubuhi, mundu mkononi. Nikaanza kufunga mzigo, machozi yananitoka mengi kuliko maji ya Ziwa Singidani. Zainabu, mchumba wangu, akasimama mlangoni.

"Baba, kila mara amekwenda kupimwa akiwa mzima. Leo tuipeleke homa yenyewe, ingali moto. Akionekana mwongo, mzigo nitamfungia mimi!"

Mzee akafunga punda kwenye mkokoteni, huku akinung'unika. Zahanati wakanichoma kidole, wakapaka damu kwenye kioo. Mpimaji akaitazama kwenye hadubini, kisha akamwita mzee aone mwenyewe. Mzee akainama kwa muda mrefu.

"Mbona vimejisokota kama skrubu?"

"Ndivyo vijidudu vya homa ya papasi, mzee. Hutulia, watu wakadhani imekwisha, kisha hurudi. Huyu analala wapi?"

Mzee akakohoa. "Kwangu. Chini. Kwenye tembe."

Kumbe papasi, ndugu yake kupe, hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu upesi, hurudi zake. Wewe wala huna habari. Nikapewa dawa ya kuua bakteria, nikaambiwa nisiondoke kwanza. Kweli, dozi ya kwanza ilinitetemesha hadi kitanda kikahama chumba! Walishaijua hali hiyo, wakanikalia karibu mpaka ikatulia. Dawa nikazimaliza zote, hata nilipojisikia mzima.

Njiani kurudi mzee aliendesha punda. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mwanangu, hiyo sakafu tutaiziba." Hakuwahi kuniita hivyo. Zainabu akacheka mpaka punda akasimama.

Basi nami nakuita mwanangu, unisikie. Homa inayoondoka na kurudi usiisherehekee. Nenda kapimwe inapowaka, maana ikitulia vijidudu huwa vigumu kuonekana. Malaria isipoonekana, waambie wapimaji umelala wapi, wamkumbuke papasi. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasisubiri hata kidogo, kwao homa hii ni hatari. Ziba nyufa, lala kitandani mbali na ukuta, shusha chandarua. Haya mengine niliyasoma ukubwani, madarasa ya jioni, Zainabu akinishikia taa.

Mungu akupe damu safi, sakafu isiyo na ufa, na mtu wa kukufungia punda siku unapotetemeka.