Joto la Saa Tatu Chumbani kwa Mama

Chumba cha mama yangu kilikuwa kinapanda joto kila siku saa tatu asubuhi, na sababu haionekani.

Si jua. Hata siku za mawingu kilipanda.

Si jiko. Jiko liko uani.

Na mama anaishi peke yake.

Hayo yote nilikuwa nayaona kwenye simu, nikiwa kazini, upande wa pili wa mji. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Ndiyo, mwanamke. Karakana wananiita Mama Gesi, nimeshazoea.

Mama ana miaka sabini na mbili. Ana vidonge vyake vya kila asubuhi, na daktari alishamwonya asikae kwenye joto. Sasa chumba chake kina bati juu, dari hakuna. Jua likichacha, humo ndani unaweza kukaanga yai mezani.

Nikasema, mimi napoza ofisi za watu, mama yangu anaiva? Haiwezekani.

Nikanunua kipimo kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Kinapima joto na presha ya hewa. Nyaya nne tu, unakiunga kwenye bodi ndogo ya elektroniki, bodi inaongea na simu. Mpango ulikuwa huu: joto likifika nyuzi ishirini na tisa, feni ijiwashe yenyewe. Presha ya hewa ikishuka ghafla, ujue mvua iko njiani, mama aanue nguo.

Mara ya kwanza nilikibana na bodi yake ndani ya kiboksi kimoja. Kikasoma nyuzi thelathini na tatu wakati chumba kina thelathini. Kumbe bodi yenyewe inatoa joto. Nikakitoa nje kwa waya wa shibiri moja, nikakibandika ukutani mbali na dirisha, nikakilinganisha na kipimajoto changu cha kazini.

Sawasawa.

Macho ya mama hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo nikaongeza spika imsomee. Nilitaka iseme "kanieneo ya hewa", kama tulivyofundishwa shule. Ile sauti ikatamka kama mtu anayetafuna mfupa. Nikafupisha. Karakana sisi tunasema presha tu: presha ya gesi, presha ya tairi, presha ya bomba.

Nikaandika "presha". Nikaendelea na mambo mengine.

Kila saa tatu asubuhi ikawa inasoma: "Joto, nyuzi ishirini na sita. Presha, kawaida."

Wiki ya kwanza, safi kabisa. Nikajiona mwanasayansi.

Wiki ya pili ndipo lile joto likaanza.

Saa tatu kasoro, mstari unapanda. Saa nne, unashuka. Kesho yake tena. Nikabadilisha kipimo, nikafunga kipya. Kikasema yaleyale.

Nikampigia.

"Mama, saa tatu huwa unafanya nini chumbani?"

"Nakaa."

"Na nani?"

"Ah, na nani tena? Na Mungu wangu."

Akacheka. Kicheko cha mtu anayeficha kitu.

Hapo amani ikaniondoka. Nikawa mtu wa kuchungulia simu. Niko juu ya ngazi, nachungulia. Mteja ananieleza kiyoyozi chake kinavuja, namuitikia "mm", macho kwenye simu. Nikilala, usingizi wa mang'amung'amu. Nawaza mabaya tu. Kuna mtu anaingia kwa mama? Anamtisha asiseme?

Siku moja tuko kwenye ofisi fulani tunapima chumba cha mikutano. Bosi wetu tunamwita Kompresa, kwa sababu akishawaka hazimiki. Akawa anapiga hesabu ya kiyoyozi.

"Mita sita kwa nne. Humu wanakaa watu wangapi? Msisahau kuwahesabu. Kila kiwiliwili ni jiko."

Nikaachia futi ya kupimia.

Watu!

Kazi yangu ya kila siku, na sikuwaza. Kile chumba cha mama kilikuwa kinajaa watu.

Nikachomoa simu. Saa tatu kasoro dakika tano. Joto limeshaanza kupanda. Na chini yake, mstari wa presha ya hewa unaporomoka kama jiwe. Nikatazama dirishani: wingu zito, jeusi.

"Kompresa, naondoka."

"Unaenda wapi na mkanda wa vifaa kiunoni?"

Nikatoka mbio. Nikadaka teksi.

Nusu saa nzima njiani. Nampigia mama, hapokei. Napiga tena, hapokei. Dereva ananiangalia kwenye kioo, anaogopa kuniuliza.

Nikamwambia anisubiri. Mlangoni kwa mama nikakuta jozi nne za kandambili zimepangwa vizuri, kama mlangoni mwa msiba. Kupitia dirishani nikasikia ile sauti niliyoitengeneza mwenyewe:

"Presha imeshuka. Presha imeshuka."

Nikasukuma mlango.

Kina mama wanne. Wawili kitandani, mmoja kwenye mkeka, mmoja amesimama, wote wazee wa mtaa huo. Mama yangu kwenye kiti, chini kabisa ya kipimo, mkono wa gauni umekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Huyo aliyesimama mbele yake ni jirani yake mshonaji, anakoroga glasi kwa kijiko.

"Afadhali umekuja, Fundi," mshonaji akasema. "Presha ya mama yako imeshuka. Tumempa maji ya chumvi. Hii glasi ya pili."

Nikaitazama ile glasi.

"Presha ya nani?"

"Ya mama yako! Si mashine yako ndiyo imesema?"

Hebu fikiria. Wale wazee walikuwa wanakuja kila asubuhi kupimwa presha ya damu. Na kipimo cha mvua.

Nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, vidonge vyako umemeza leo?"

"Niliviacha," akasema. "Wiki ya tatu hii. Kila siku kinasema kawaida, nimeze vya nini?"

Akanyoosha mkono wa kushoto apokee glasi. Glasi ikapita katikati ya vidole, ikapasuka sakafuni. Akatazama ule mkono kama si wake. Alipotaka kusema tena, mdomo ukaenda upande, maneno yakatoka mazito.

Nikambeba. Fundi wa friji hubeba vizito, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama mama yangu siku ile.

Hospitali, muuguzi akamfunga kile kitambaa cha mkononi, akapampu. Akatazama mara mbili.

"Mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Nani kampa chumvi?"

Mshonaji, aliyekuja nasi, akainamisha kichwa. Nikasema, "Ni mimi." Sikuwa nadanganya.

Daktari alisema tumewahi. Mshipa wa kichwani ulikuwa umezibika kidogo. Tungechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine. Siku tatu nililala kwenye benchi la korido, nikiinuka kila mlango unapolia.

Siku ya nne ulimi wa mama ukafunguka.

"Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Siku ile unakifunga. Nikasema, hiki ndicho kinapima presha? Ukasema ndiyo mama, joto na presha. Nikauliza, hata bila kufunga mkono? Ukasema hata bila kukigusa. Ukacheka."

Nilitafuta kumbukumbu hiyo kichwani mwangu, sikuipata. Hata kivuli chake. Na hapo ndipo aibu iliponiingia sawasawa: mama yangu aliniuliza jambo la uhai wake, nikamjibu huku nahangaika na nyaya, na sikumsikia.

"Na wenzako mbona uliwaficha?"

"Niliogopa utasema wanakimaliza."

Jioni ileile nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wanne wote. Nikawaambia: kile hakipimi damu, kinapima hewa. Naombeni mrudie dawa zenu.

Wawili walikuwa wameacha vidonge. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu. Alicheka, kisha katikati ya kicheko akaanza kulia. Mshonaji, ambaye hakuwahi kupimwa maishani mwake, nilimwahidi kumpeleka.

Wa mwisho ni mjane wa nyumba ya kona. Huyo hakucheka wala hakulia. Alinisimamisha mlangoni.

"Nyie mnaongea na mashine vizuri kuliko mnavyoongea na sisi."

"Pole sana, mama."

"Pole haishushi presha. Vaa viatu vyako, unipeleke kliniki."

Nikampeleka. Mpaka leo salamu zangu anaitikia nusu, na ana haki.

Mama yuko nyumbani. Vifungo vya gauni bado vinamsumbua kwa ule mkono, lakini anatembea, anagomba, anaimba. Spika sasa inasema maneno manne: "Mvua yaja, anua nguo." Basi.

Na wewe unayesoma hapa, ukimpelekea mzazi wako kitu kipya, usimuulize tu kama amekipenda. Atakwambia amekipenda, kwa sababu anakupenda wewe. Mwambie akueleze yeye, kwa maneno yake mwenyewe, kitu hicho kinafanya kazi gani. Kisha tua ulichoshika mkononi, umsikilize mpaka amalize.

Ni dakika moja tu. Mimi dakika hiyo sikumpa.