Kiungo Asiyeangalia Saa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Umande wa Oktoba haujakauka kwenye nyasi bandia za uwanja wa sekondari, na Corinne Arruda ameshapiga mpira ukutani mara mia mbili. Mguu wa kulia mia, wa kushoto mia. Kabla mpira haujamrudia anageuza shingo kutazama nyuma ya bega, ingawa nyuma yake hakuna mtu isipokuwa mimi na kahawa yangu.

"Wa mbele namwona," anasema bila kusimama. "Anayeninyang'anya mpira hutokea nyuma. Hata wewe na kikombe chako sikuamini."

Corinne ana miaka thelathini na minne. Ni kiungo mkabaji wa Granite, timu ya wanawake ya hapa Fall River, Marekani, ligi ya daraja la pili. Huu ni msimu wake wa kumi na mbili, yote katika timu hii hii. Amefunga mabao saba tu. Kazi yake ni kuvunja mashambulizi, kumpa mwenzake mpira na kurudi pale pale alipokuwa, kazi ambayo watu huiona siku ikikosekana.

Mkataba wake unaisha Novemba. Kocha wake, Tess Holmgren, ameahidi kumpa jibu baada ya nusu fainali ya Jumamosi. Wakati huohuo sekondari hii, aliyosoma mwenyewe, inamtaka awe kocha wa wasichana wake, na inataka kujua Jumatatu. Misimu inagongana, hivyo hawezi kushika yote mawili.

"Nikikwambia sitaki mwaka mmoja zaidi nitakuwa nakudanganya," anasema, akikung'uta chembe nyeusi za nyasi bandia kutoka kwenye kiatu. "Nautaka. Goti halitaki, lakini goti nani kaliuliza?"

Mjini kwetu ukitaja jina la Corinne, mtu atapiga honi. Mgeni atadhani anatukanwa, na mwanzoni alikuwa anatukanwa kweli.

Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya kulipwa, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Katika shule na vyuo vyetu, saa ya ubaoni ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma, kutoka dakika arobaini na tano hadi sifuri. Ikifika sifuri honi inalia na mchezo umekwisha, hata mpira ukiwa hewani. Kwa wanaolipwa mambo ni mengine: muda uko mkononi mwa refa, na mechi inaisha kwa filimbi yake. Corinne alilijua hilo. Lakini Granite walikuwa wamekodi uwanja wa shule pamoja na ubao wake, na hakuna aliyekumbuka kuizima honi.

Granite walikuwa wanaongoza moja bila. Saa ikafika sifuri, honi ikalia. Corinne, mpira ukiwa miguuni mwake, akauacha, akainua mikono juu, akamwendea mpinzani wa karibu kumpa mkono.

"Nilimwambia mmecheza vizuri," anasimulia, na mpaka leo anajiziba uso akicheka. "Yule dada alikuwa Mjamaika, hajawahi kukanyaga chuo cha Marekani. Kwake honi ni ya gari. Akautazama mkono wangu, akautazama mpira, akachagua mpira."

Bao. Sare, moja kwa moja. Refa alikuwa ameongeza dakika tatu.

"Wenzangu saba nao walisimama," anajitetea. "Ila mpira ulikuwa kwangu."

Nje ya uzio, ndani ya gari dogo la kusambazia mikate, alikuwepo Deolinda Furtado, mama wa ubatizo wa Corinne. Alikuwa amefunga duka lake mapema ili amwone binti yake akianza kazi. Kwa hasira aliilalia honi ya gari mpaka polisi akaja kumgongea kioo. Mechi iliyofuata, jina la Corinne lilipotangazwa tu, akapiga tena. Wenye magari wengine wakaitikia, na hivyo ndivyo kejeli ilivyogeuka mila.

"Nilitaka asisahau," anasema Deolinda, ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja na bado anafungua tanuri mwenyewe. "Mtoto nimemshika kwa mikono yangu kwenye maji ya ubatizo, halafu anampa adui mkono na mechi haijaisha? Aibu ile ilikuwa ya nani kama si yangu?"

Corinne humwita Madrinha, kama sote wa asili ya Kireno hapa mjini tunavyowaita mama zetu wa ubatizo, na hakuna mechi ya nyumbani anayoicheza bila kwanza kupitia dukani kuomba baraka. Msimu wa kwanza alilipwa dola mia sita kwa mwezi, akawa analala chumba cha juu ya tanuri na kukanda mikate mitamu tangu saa kumi alfajiri, kabla ya mazoezi. Leo analipwa dola elfu thelathini na mbili kwa mwaka na ana kwake. Bado hushuka kusaidia, na bado hasifiwi.

"Unga unakandwa, yeye anaukaba," Deolinda hulalamika mbele ya wateja. "Unga haujamkosea mtu."

Tangu siku ile ya honi, Corinne hajautazama tena ubao wa saa uwanjani. Wenzake wakimuuliza dakika ngapi zimebaki huwaambia wamuulize refa. Kocha Tess anasema katika misimu yote hii Granite wamerudishiwa bao dakika za nyongeza mara mbili tu Corinne akiwa uwanjani, na moja kati ya hizo ndiyo ile ya Mjamaika.

Jumamosi alianzia benchi. Dakika ya sitini na nane, Granite wakiwa mbele kwa bao moja, namba yake iliinuliwa, na barabara nzima nyuma ya uzio ikalia. Nilihesabu magari zaidi ya thelathini, na la Deolinda likitangulia. Kipa wa wageni alimuuliza mshika kibendera kama kuna ajali.

Alikata mashambulizi matatu, akala kadi ya njano aliyostahili kabisa, na kuelekea mwisho akamsukuma mgongoni beki wetu mmoja aliyekuwa ameduwaa akisoma ubao. Filimbi ilipolia Granite walikuwa fainali, Jumamosi ijayo, hapa hapa nyumbani.

Kisha Kocha Tess akamwita ofisini. Walikaa dakika ishirini. Mimi nilisimama mlangoni na swali langu, na nakiri nilikuwa naogopa kuliuliza. Corinne hakunipa nafasi.

"Hamna," alisema. "Mwakani sina nafasi pale kati. Fainali ndiyo ya mwisho."

Macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Alieleza kuwa alilia mle ndani, Tess naye akalia, kisha wakaanza kuchekana. Iliniuma, na nilimwambia hivyo. Akanipiga begani kana kwamba mimi ndiye niliyekosa mkataba.

"Sikiliza, bwana. Baba yangu alishona makoti kiwandani miaka thelathini. Siku anastaafu alibeba kopo lake la chakula akarudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyempigia honi hata moja. Mimi mji mzima unanipigia kila Jumamosi. Nilalamike kwa nani?"

Shule haikungoja mpaka Jumatatu. Aliwaandikia usiku uleule, akakubali. Saa yao bado inahesabu kurudi nyuma na honi bado ipo, na mpango wake wa siku ya kwanza ya mazoezi ni kuufunika ubao kwa shuka. Nilimkumbusha kuwa kwa wasichana wa shule honi ndiyo mwisho halali wa mechi.

"Najua. Ndiyo maana nataka waisikie honi wakiwa bado wanakimbia. Atakayeinua macho kutafuta sifuri, mizunguko kumi."

Jumapili baada ya misa nilimkuta dukani, mikono imezama kwenye unga. Alikuwa ameshaomba baraka na kuipata. Ndipo akamwambia Deolinda habari ya mkataba, kwa maneno machache, huku anakanda. Deolinda alimfunga aproni upya mgongoni, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Madrinha, nina ombi," Corinne akasema. "Jumamosi usinipigie honi nikiingia."

Bibi akasimama wima. "Nani kakukataza?"

"Hakuna. Nataka uingoje filimbi ya mwisho ya refa. Ikishalia, ndiyo upige."

"Na mkifungwa je?"

"Hata tukifungwa. Piga ndefu. Safari hii nikiisikia, nitasimama."